Namna ya Kuchagua Pini ya Duka la Aiskrimu la Kizamani Bila Kuuziwa Feki

Pini za Disney, zile beji ndogo za chuma chenye rangi ambazo watu huzivaa, huzikusanya na kubadilishana, ni nyingi kupita kiasi, na anayeanza kwa kuzitaka zote huishia na droo iliyojaa vyuma asivyovijali. Mwenye nia ya kuanza achague mada moja ndogo aijue nje ndani. Mimi nilichagua maduka ya aiskrimu ya kizamani, yale ya Main Street. Naishi kusini mwa California, si mbali na Anaheim, lakini nimekulia Mombasa kwenye duka la sonara, maana marehemu baba alikuwa fundi wa dhahabu na fedha. Nikishikishwa kitu cha madini chenye rangi, vidole hukigeuza nyuma kabla macho hayajamaliza kutazama mbele. Hilo la kugeuza ndilo kubwa nitakalowafundisha hapa. Mengine ni nyongeza.

Lijue duka kwanza

Main Street, U.S.A. ndiyo barabara ya kuingilia Disneyland ya Anaheim, bustani ya burudani iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Walt Disney alitaka ifanane na mji mdogo wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, mji wa aina ya Marceline, Missouri, alikoishi utotoni. Katika miji hiyo duka la aiskrimu lilikuwa mahali pa kujipambia: kaunta ya marumaru, bomba za soda zilizong'arishwa, viti vya waya uliosokotwa, bilauri ndefu zenye miguu. Kijana alimpeleka mchumba wake pale bila wazee kununa.

Bustani ilipofunguliwa, aiskrimu iliuzwa kwenye duka la Carnation. Mwaka 1997 Carnation likageuka kuwa mkahawa, na mwaka huohuo likafunguliwa Gibson Girl Ice Cream Parlor, jirani na ukumbi wa michezo ya mashine wa Penny Arcade, duka ambalo mpaka leo linajulikana kwa koni za kaki zilizochovywa chokoleti. Jina lake limetokana na michoro ya wino ya Charles Dana Gibson, aliyeanza kumchora mwanamke wa aina hiyo miaka ya 1890: nywele zimetutumuliwa na kufungwa juu ya kichwa, shingo ndefu, kiuno kimebanwa, na uso wa mtu asiyebabaishwa na yeyote. Disneyland Paris nayo ina duka lenye jina hilo. Kule Florida, kwenye Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna Plaza Ice Cream Parlor, mwisho wa Main Street ukikaribia kasri.

Nawapitisha huko kwa sababu wauzaji wa mtandaoni huandika “duka la aiskrimu la zamani” kwenye kila chenye kijiko na bilauri. Tazama picha iliyo kwenye pini ujiulize ni zamani ipi. Ukiona viti vya waya, taa za gesi, kofia za nyasi bapa na vizibao vya mistari, hiyo ni ya miaka ya 1900, ya Main Street. Ukiona jukiboksi, chuma cheupe kinachometa na sakafu ya mirabaraba, umehamia miaka ya 1950 na mtindo wa maduka ya soda kama Beaches & Cream, lililo kwenye hoteli ya Beach Club huko Walt Disney World ya Florida, maarufu kwa sahani yake ya Kitchen Sink yenye mabonge 8 ya aiskrimu. Ni duka zuri, ila ni mkusanyiko mwingine.

Lipo pia tawi la tatu, na hili lina wapenzi wakali. Hollywood, ubavuni mwa jumba la sinema la El Capitan lililofunguliwa mwaka 1926, Disney waliendesha duka lao la soda na aiskrimu, na tangu 2013 jengo hilo lina Ghirardelli, duka la chokoleti na aiskrimu. Hapo paliuzwa sandei inayoitwa Pin Trader Delight: unanunua aiskrimu, unapewa na pini ya mhusika fulani akiwa na aiskrimu yake. Zilitolewa kwa idadi maalumu, na siku ya toleo jipya foleni ilitoka nje mpaka barabarani. Mtu akikutajia PTD, ndizo hizo. Bei zake kwa mkono wa pili hupaa, nami sizishauri kwa mwanafunzi.

Rangi na chuma

Huwezi kumtambua feki kama hujui halisi inavyotengenezwa, basi vumilia kidogo.

Bamba la chuma hugongwa kwa kalibu, likatoka na mashimo madogo yaliyozungukwa na kuta nyembamba. Mashimo hayo hujazwa rangi, ndiyo enameli. Kuna njia mbili. Kwenye enameli ngumu, rangi hujazwa mpaka juu, ikaokwa, kisha uso wote husagwa na kung'arishwa hadi rangi na kuta za chuma zikawa sawasawa. Pitisha ukucha: hautakwama popote. Kwenye enameli laini, rangi hubaki chini kidogo ya kuta, nawe utazisikia kuta hizo chini ya kidole. Zote mbili ni halali, na Disney wametumia zote. Kosa ni pini iliyopaswa kuwa ngumu ikaja na mabonde.

Baada ya hapo kuna mchovyo, wa rangi ya dhahabu, ya fedha au mweusi. Huo ni utando tu, usidanganyike na neno “dhahabu” kwenye tangazo. Vitu vidogo mno kwa kuta za chuma, kama herufi za kwenye kibao cha duka, mara nyingi huchapwa juu ya rangi. Taa za vioo vya rangi na bilauri zinazopitisha mwanga hutengenezwa kwa rangi angavu isiyo na bamba nyuma yake. Ukiinua kwenye dirisha, mwanga unapita.

Hapa ndipo pini ya duka la aiskrimu inapokuwa mwalimu mzuri kuliko pini ya uso wa Mickey. Uso wa Mickey una rangi tatu na mistari minene. Hata fundi mvivu ataupatia. Duka la aiskrimu lina turubai la dirishani lenye mistari myekundu na myeupe, lina maandishi ya mikogo, migongo ya viti vya waya, cheri moja juu ya krimu, na mirija. Mfanya feki hana subira ya mambo hayo. Mistari yake myekundu hunenepa upande mmoja ikakonda upande wa pili. Nyeupe ya krimu huingiliwa na waridi. Matundu ya mgongo wa kiti, ambayo kwenye pini halisi yametobolewa kabisa mpaka ukiyatazama unaona shati lako, kwake yamezibwa au yana makapi ya chuma pembeni.

Igeuze

Sasa nyuma. Pini rasmi ina alama ya haki ya Disney, na kwa kawaida maneno ya aina ya toleo na nchi ilikotengenezwa, nyingi zikiwa China. Maandishi hayo yawe makali kama yalivyo ya kwenye sarafu mpya. Yakiwa yamevimba au yamefutika nusu, shuku.

Nyingi zilizotolewa kwa ajili ya kubadilishana pini kwa pini ndani ya bustani zina nyuma yenye nakshi ya vichwa vidogo vya Mickey vilivyopangwa bamba zima. Kwenye halisi, nakshi hiyo hukatwa na ukingo wa pini popote inapoishia, kichwa kikabaki nusu au robo. Kwenye feki nyingi utaona mpaka mtupu umezunguka pembeni, na nakshi imeishia kabla ya ukingo. Ni dalili, si hukumu. Pini za zamani zina migongo ya kila namna, mingine laini kabisa, kwa hiyo kukosekana kwa nakshi peke yake kusikufanye umtukane mtu.

Angalia msumari. Ushike uutingishe taratibu uone kama umeshika. Pembeni yake huwa na vichunusi viwili vidogo vya chuma vinavyoshika nguo ili pini isizunguke. Kwenye pini kubwa kuna misumari miwili. Kifungo cha mpira cheusi chenye umbo la kichwa cha Mickey kisikupe imani yoyote, maana vifungo hivyo huuzwa kwa mfuko na yeyote anaweza kukibandika kwenye takataka.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la kipimo, na hili masonara wanalijua tangu zamani: ukitengeneza kalibu kutoka kwenye kitu kilichokwisha kumalizika, nakala itakayotoka huwa imepungua kidogo kuliko mama yake. Baba alikuwa akipewa kipuli kimoja, mwenzake amepotea, atengeneze pacha; ilimbidi aongeze nta kwanza ndipo vilingane. Wanaonakili pini kutoka kwenye pini hawaongezi kitu. Weka yako juu ya nyingine unayojua ni halali ya aina ileile, ukingo kwa ukingo. Kama huna ya pili, muombe muuzaji picha ya pini kando ya sarafu ya senti 25 ya Marekani, ambayo upana wake ni milimita 24.26, upige hesabu mwenyewe ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa na wakusanyaji wengine. Muuzaji mkweli atakutumia picha, ya mbele, ya nyuma na ya ubavu. Anayekujibu kwa maelezo marefu badala ya picha, achana naye.

Uzito nao unasema, lakini kwa kulinganisha tu. Feki nyingi ni nyepesi na zikigongwa juu ya meza hutoa sauti ya kopo. Kisha chukua lenzi ya kukuza, ile ya fundi saa inatosha, utafute vishimo vya sindano kwenye rangi na chembe za chuma zilizonaswa ndani ya enameli. Kishimo kimoja kinaweza kutokea hata kiwandani. Vikiwa vingi kama ndui, ni skrapa.

Skrapa ndilo jina wakusanyaji wanalolitumia kwa pini zilizotupwa na kiwanda kwa kasoro, au zilizopigwa kwa wizi, zikaingizwa sokoni. Utazikuta mtandaoni kwa mafungu: pini 50 au 100 kwa mpigo, hazina mbili zinazofanana, bei haifiki dola 1 kwa moja. Dukani ndani ya bustani pini moja ya kawaida sasa inapita dola 10. Hesabu hiyo haihitaji lenzi.

Pa kuipata

Kwanza jua herufi. OE ni toleo la wazi, litaendelea kupigwa mpaka wachoke. LR ni toleo la muda, likiisha limeisha, lakini idadi haitajwi. LE ni toleo lenye idadi iliyotangazwa, na idadi hiyo huandikwa nyuma. Watu wanaabudu LE. Mimi nasema toleo la wazi lililochorwa vizuri, la duka ambalo umewahi kulitia macho, lina raha kuliko LE ya kitu usichokijua. Idadi ndogo hailazimishi mtu yeyote kuitaka.

Kubadilishana ndani ya bustani kulianza Oktoba 1999 huko Walt Disney World, kwenye sherehe za milenia, kukaenea bustani nyingine. Utaratibu ni rahisi na una adabu zake. Wafanyakazi wengi huvaa kamba ya shingoni au kubeba ubao wenye pini. Msalimie, muombe kuona, usiishike kamba yake wala kumgusa, atakusogezea mwenyewe. Unatoa pini moja, unachukua moja. Yako iwe ya chuma, iwe na alama ya Disney nyuma, na uikabidhi ikiwa imefungwa kifungo chake ili isimchome. Isiwe sawa na ambayo tayari ipo kwenye kamba ile. Kwa mfanyakazi mmoja mwisho ni pini mbili kwa siku. Pesa haihusiki kabisa. Ukikuta kamba ya kijani huko Florida, hiyo ni ya watoto, mwache mtoto.

Niseme ukweli kuhusu kamba hizo: zimejaa skrapa, kwa sababu watu hununua mafungu yale ya bei ya kutupa wakaja kuyabadilisha pale. Mfanyakazi hana kazi ya kukagua, anataka mgeni afurahi. Kwa hiyo ukiona pini ya bilauri ya sandei kwenye kamba, muombe aigeuze kabla hujatoa yako. Huo si utovu wa adabu, wamezoea. Lakini ukishajua kwamba uliyonayo mkononi ni skrapa, usimpelekee mwingine. Wapo wanaosema “nami niliipata hivyohivyo”. Baba angemfukuza mteja wa namna hiyo dukani.

Mtandaoni, kabla ya kununua, tafuta pini yako kwenye katalogi ya wakusanyaji, ambako kila pini ina namba yake na picha. Halafu nenda eBay, uchague kuonyeshwa zilizokwisha kuuzwa. Bei anayoitaka muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyolipwa ndiyo soko. Angalia kadhaa, uone zinacheza wapi, ndipo utoe yako.

Uliyeko Mombasa, Dar au Muscat una ndugu au rafiki huku, na ndiyo njia nafuu. Mwambie hivi: “Ninunulie dukani ndani ya bustani, si sokoni, na usiitoe kwenye kadi yake.” Kadi ile ya karatasi ngumu inayokuja na pini ina jina na bei, na ni sehemu ya mali. Ikisafirishwa, msumari uchomekwe kwenye kipande cha sponji au kadibodi nene, kisha kifungo kirudishwe juu yake. Pini iliyotupwa ndani ya bahasha tupu hutoboa, ikatoka njiani.

Kuisafisha na kuiweka

Hapa nina ugomvi na watu wa kwetu. Ukwaju, ndimu na majivu ni dawa ya sinia la shaba na mabuli ya kahawa, kwa sababu shaba ile ni shaba mpaka ndani; ukiila kidogo juu, chini yake kuna nyingine. Mchovyo wa pini ni utando mwembamba. Asidi ya ukwaju itauondoa, na chini yake hakuna dhahabu ya kukungoja. Dawa ya meno nayo ni mchanga mtupu, itakwaruza enameli. Dawa ya kuchovyea fedha usiikaribie.

Chukua maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, usugue kwa upole ukifuata mistari. Usiiloweke. Futa kwa kitambaa cha pamba, kisha iache mahali penye upepo mpaka chini ya msumari pakauke kabisa, kwani kutu huanzia pale. Gundi ya lebo huondoka kwa tone la mafuta ya kupikia lililoachwa dakika chache.

Mwambao adui ni unyevu na chumvi. Pini iliyoning'inizwa ukutani Mombasa, dirisha likitazama bahari, haitadumu kama iliyoko Nairobi. Iweke kwenye kisanduku chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vibadilishe vikichoka. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali. Kwenye joto hunata juu ya rangi, na ukiivuta inaondoka na mng'ao.

Kwa zile unazozivaa, nunua vifungo vya kukaza kwa skrubu, vinavyokuja na kifunguo chake kidogo cha pembe sita. Kifungo cha mpira huponyoka kwenye msongamano, nawe utajua ukishafika nyumbani. Ubaya wake ni kwamba mtu akitaka kubadilishana nawe itabidi umsimamishe huku unapekua mkoba kutafuta kifunguo, basi viweke kwenye zile tu usizozitoa.

Mwisho, andika. Nyuma ya kadi, kwa penseli, si kalamu ya wino: umeipata wapi, mwaka gani, kwa kununua au kubadilishana, na namba yake ya katalogi. Siku ukitaka kuiuza, mnunuzi atakuuliza hayo hayo manne kabla hajauliza bei.